Mbawa za Senene wa Kokwijuka

Mwalimu Josia Ishengoma alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, mwenye mwandiko mzuri ubaoni, na alikuwa na kasoro moja tu: kitu chochote chenye mbawa kikipita mbele yake, masikio yake yaliziba. Ungeweza kumwambia kwamba nyumba yake inaungua, na kama kereng'ende ametua karibu, angekuitikia "ndiyo, ndiyo" huku macho yake yako kwa kereng'ende. Mama yake kule Kaagya alisema alizaliwa hivyo. Alipokuwa mdogo alipewa mbuzi awachunge. Mbuzi wakaingia kwenye kibanja cha migomba cha jirani wakala mpaka wakashiba, naye akakutwa amelala kifudifudi majanini akimtazama panzi.

Ugonjwa ule ulizidi alipoona eropleni. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Hitla, naye alikuwa amevuka ziwa kwenda Mwanza kwa mafunzo ya walimu. Wenzake walishangaa kelele za chombo kile na ukubwa wake. Yeye alishangaa kwamba mbawa zake hazipigi. Zilinyooka tu, zimetulia, na chuma kizima kikapaa. Senene wa kwao, panzi asiye na injini wala petroli, hupiga mbawa mpaka huzioni. Usiku ule Ishengoma hakulala vizuri, na tangu siku ile swali moja lilimkaa kichwani kama mwiba kwenye kisigino.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Senene akipiga ubawa kwenda chini, anaisukuma hewa chini, naye anapanda. Hapo hakuna fumbo. Lakini lazima aurudishe juu ili apige tena, na akiurudisha, si ataisukuma hewa juu, naye ashuke? Mtu anayepanda ngazi hatua moja na kushuka hatua moja atafika darini lini? Na bado senene wanafika, tena wanakuja kwa maelfu, kutoka huko wanakotoka, wala hakuna aliyewahi kuwaona wakipumzika hewani.

Ili apate jibu alihitaji senene hai, mwenye mbawa zake. Utasema, huko Bukoba senene wana uhaba gani? Ngoja kwanza. Kukamata senene ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume aliyeonekana ameinama majanini anawakimbiza angechekwa kuanzia Kahororo alikofundisha hadi Muleba. Mama yake alimletea kila msimu, lakini mama yake alikuwa mwanamke aliyefundwa: senene walifika wamenyonyolewa mbawa na miguu, wamekaangwa, wana chumvi. Senene mwenye mbawa kuingia ndani ya nyumba ya watu wenye heshima ni sawa na kuku kuingia chunguni na manyoya yake.

Ndipo akaoa. Wenye ndimi ndefu walisema alioa ili apate mtu wa kumkamatia senene, na huo ni uzushi mtupu. Alimpenda Kokwijuka, binti wa mzee Rwegasira wa Kamachumu, tangu siku aliyomsikia kanisani akiimba sauti ya pili huku amefumba macho. Alimpenda kiasi kwamba, katika miezi ya uchumba, kereng'ende kadhaa walipita bila kutazamwa.

Kwa asiye wa Buhaya, hapa panahitaji maelezo kidogo. Senene kwetu si kitoweo tu. Wanawake huwakamata, huwanyonyoa na kuwakaanga, na wanaume huwala. Wanawake wa wakati ule hawakuonja hata mguu, na kama huo ni uonevu, si mimi niliyeuanzisha. Bi harusi, katika msimu wake wa kwanza, huenda rweya, ule uwanda wa majani ulio nje ya migomba, akamkamatia mumewe. Mume hula, kisha humpa mkewe nguo. Hapo ndoa imekaa. Kwao msichana hawaulizi sana kama mume ana hasira au kama nyumba inavuja. Shangazi huja na neno moja tu: "Amekula?"

Novemba ilipofika, na watu wakaanza kuitana kwamba senene wameshuka, Ishengoma alimwambia mkewe jioni, kwa sauti ya mtu anayeomba jambo dogo: "Kesho ukiwapata, usiwanyonyoe. Niletee na mbawa zao."

Kokwijuka alimtazama. Alikuwa mke wa miezi mitatu, na mke wa miezi mitatu haulizi maswali mengi. "Na mbawa zao?"

"Na miguu pia. Wazima."

"Haya, Mwalimu," akasema, kwa maana bado alikuwa akimwita Mwalimu.

Alitoka kabla ya jua. Ishengoma alimwuliza kwa nini asingoje apate uji kwanza, naye akamjibu kwamba umande ndio mtego wenyewe. Senene aliyeloweshwa na umande mbawa zake zimegandamana na mwili wake umekufa ganzi kwa baridi. Unamwokota kama maharage. Jua likimpiga kidogo, kwaheri. Ishengoma alifurahi sana kusikia hivyo. Angefurahi zaidi kama angefikiri kwamba mwanamke anayejua hayo huenda anajua na mengine, akamwambia anachokitafuta. Kuuliza si ujinga, na kusema shida yako si ujinga pia. Lakini yeye alizoea kuwa peke yake na wadudu wake.

Kokwijuka alirudi na kikapu kimefunikwa, kanga imelowa hadi magotini, vidole vimekatwakatwa na majani. Alipiga magoti akakitoa kikapu kwa mikono miwili. Ishengoma alikipokea kwa mikono miwili. Mpaka hapo mila ilikwenda sawasawa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza wajibu mapema, aliingia chumbani akatoka na doti ya kanga nzuri, aliyoinunua kwa rafiki yake Lukmani, fundi cherehani wa pale mjini, akampa mkewe papo hapo. Kokwijuka alishukuru, akaipakata, akaketi kungoja ale.

Hakula. Alikwenda na kikapu jikoni, akamfunga senene mmoja mgongoni kwa uzi wa mgomba, akamning'iniza juu ya moshi wa jiko. Maadamu miguu ya senene ilikanyaga kijiti, alitulia. Ishengoma alipokivuta kijiti, mbawa zilifunguka zenyewe zikaanza kupiga. Akarudisha kijiti, zikatulia. Akakivuta, zikapiga. Senene hahitaji kuamua. Mwondolee ardhi miguuni, ataruka. Na moshi, ambao ulikuwa ukipanda taratibu kuelekea paa, ulipofika kwenye mbawa zile ulikamatwa ukatupwa nyuma na chini. Ishengoma aliinama mpaka nyusi zikanusurika kuungua. Hakuwahi kuiona hewa kwa macho maisha yake yote, na sasa hii hapa, imevaa moshi, inafanya kazi.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha kubwa kwake, na inasikitisha kusema hivyo, kwa sababu mkewe alikuwa akikonda. Ishengoma aligundua kwamba senene ana mbawa za namna mbili: za mbele nyembamba na ngumu, kama mlango, na za nyuma pana na laini, zimekunjwa chini ya zile kama marinda. Aligundua kwamba kila ubawa una mishipa minene kwenye ukingo wa mbele, lakini ukingo wa nyuma ni utando mtupu. Akaufanya ubawa wa karatasi, kijiti mbele, nyuma hakuna kitu, akaupunga hewani. Akaona. Ukienda chini, karatasi hulala ikaibeba hewa. Ukirudi juu, ule upande laini hupinda wenyewe, ubawa ukasimama kwa ubavu, ukapita katikati ya hewa bila kuisukuma sana. Ni kasia! Mvuvi wa ziwani hupiga maji kwa bapa la kasia na kulirudisha kwa ubavu, naye hufanya hivyo kwa mikono na akili. Senene ameumbwa na ukingo mmoja mgumu na mwingine mlegevu, hewa yenyewe ikamgeuzia kasia lake.

Mwalimu alilia machozi, hilo alikiri mwenyewe baadaye. Alilia peke yake jikoni, moshi ukamsaidia kuficha.

"Mwalimu," Kokwijuka alisema jioni ile akiwa mlangoni, "chungu kiko tayari, na chumvi ipo. Niwakaange?"

"Kesho," akasema Ishengoma.

Kesho yake alikwenda kwa Lukmani kuomba pini. Shule zilikuwa zimeitwa kuonyesha kazi zao mjini. Wenzao wa Kashozi walisemekana wanaleta tarumbeta, na Ishengoma aliamua kuleta ubao wa senene waliokunjuliwa mbawa, kila sehemu imeandikwa jina lake na kazi yake. Lukmani, ambaye baba yake alitoka pwani na ambaye hakupenda kuwaona senene hata kwa mbali, alimpa pini na kumsifu. Wale bora walichomwa pini ubaoni, wakapakwa chumvi wasioze, wakakaushwa juu ya jiko. Waliobaki, baada ya kuwajaribu, Ishengoma aliwatoa nje juani, akawatazama wakiondoka mmoja mmoja. Kokwijuka alikuwa akipepeta mtama pale uani. Alimwona mumewe akifungua kikapu chake cha kwanza na kuwaachia senene waende zao, huku akitabasamu.

Akaendelea kupepeta. Msimu ukapita, rweya ikabaki majani matupu, na shangazi akaja kutoka Kamachumu.

Ishengoma alikuwa darasani. Aliporudi alikuta jiko limepoa, na juu ya kitanda ile doti ya kanga, imekunjwa vizuri, haijavaliwa hata mara moja. Jirani alimwambia kwamba shangazi hakukaa sana. Aliuliza neno lake moja, Kokwijuka akainamisha kichwa, shangazi akaingia ndani, akauona ubao, na wakaondoka.

Ishengoma alikimbilia kwa Lukmani kama mtu aliyeibiwa. Lukmani alimsikiliza mpaka mwisho asielewe kitu. Lakini mkewe Sada, Mhaya wa pale pale Bukoba, alikuwa nyuma ya pazia, akatoka.

"Shemeji, kwani ulikula?"

"Nilimpa nguo."

"Sikuulizi nguo. Ulikula?"

"Sikupata nafasi. Nilikuwa nawachunguza."

Sada alishika kiuno. "Mwanamke amekuletea senene zake za kwanza, hukuzila, ukampa nguo. Unajua umemwambia nini? Umemwambia: shika hii, uende zako. Hata mimi ningekwenda."

"Nitanunua senene wengine! Mwambieni ..."

"Msimu umekwisha. Na hata ukipata gunia, si za mkono wake. Zile alizokuletea ziko wapi?"

"Wako ubaoni."

"Wote?"

"Wengine niliwaachia waruke," akasema Ishengoma, na kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno hayo kama mtu mwingine angeyasikia. Sada alirudi nyuma ya pazia. Lukmani alikanyaga cherehani yake, ingawa hapakuwa na kitambaa juu yake.

Kesho yake Ishengoma alifunga ubao nyuma ya baiskeli, akatia doti ya kanga kifuani, akashika njia ya Muleba. Vilima vya kwenda Kamachumu havina huruma na mtu wa baiskeli. Njia nzima alipanga maneno. Alikuwa na hakika kwamba watu wale wakielewa tu habari ya ukingo mgumu na ukingo mlegevu, watamwelewa na yeye. Ndivyo walimu walivyo: wanaamini kila ugomvi ni somo ambalo halijafundishwa vizuri.

Alipokelewa kwa salamu fupi. Hakupewa buni za kutafuna, zile ambazo hata mpita njia hupewa, na hapo moyo wake ukaanguka. Mzee Rwegasira aliketi kwenye kiti chake, shangazi chini kwenye nyasi za sakafuni, na nyuma ya kizuizi cha matete palikuwa na mtu aliyekaa kimya. Ishengoma alijua ni nani, kwa sababu mtu yule alikohoa kwa sauti ya pili.

"Sema, waitu," akasema mzee, kwa heshima ya Kihaya. "Tunasikia."

Ishengoma akaufungua ubao, akasema. Alisema habari ya moshi, na kijiti, na karatasi. Alisahau alipo, mikono yake ilipiga juu na chini. Mzee Rwegasira mwenyewe alianza kusogea mbele ya kiti.

"Kwa hiyo anaugeuza kama kasia?"

"Kama kasia, tata! Kama kasia, baba! Lakini yeye haugeuzi. Unageuka."

"Ai!" akasema mzee, na shangazi akakohoa kwa ukali. Mzee akarudi nyuma akakaa sawa.

"Mwalimu," akasema polepole, "umetueleza vizuri. Lakini umetueleza habari za senene wote wa duniani. Sisi tunauliza habari za hawa. Mwanangu aliamka na baridi, akalowa, akakatwa vidole, akakuletea chakula kwa magoti. Wewe chakula chake umekipigilia ubaoni. Nimwambie nini?"

Ishengoma alitazama ubao. Kwa majuma mengi alikuwa ameona mbawa tu. Sasa aliona vidole vya Kokwijuka vilivyokatwa, na kanga iliyolowa, na uso wake pale mlangoni akiuliza kama awakaange, na yeye akisema kesho. Aibu ilimshika mpaka shingoni. Ardhi yote ilikuwa imeondoka chini ya miguu yake.

Basi akashika pini ya kwanza akaing'oa. Yule alikuwa senene bora kuliko wote, mbawa zimekunjuliwa kama marinda ya bi harusi, majina yameandikwa kwa wino pembeni. Mwalimu alimtia mdomoni mzimamzima, na mbawa zake, na miguu yake, akatafuna.

Hakuwahi kunyonyoa senene maisha yake, wala hakujua kwamba mbawa kavu haziliki. Moja ilinata kwenye ulimi, nyingine ikatokeza kwenye pembe ya mdomo. Alimeza, akakwama, macho yakamtoka, akang'oa pini ya pili. Shangazi alisahau kukasirika. Na nyuma ya matete mtu alijizuia, akajizuia, kisha akashindwa akacheka.

Kokwijuka akatoka, anacheka na machozi yanamtiririka, na haikujulikana yepi ni ya nini. Akamnyang'anya ubao.

"Acha, utakufa! Senene wanaliwa hivyo?"

"Hawa ni wa kwangu," akasema Ishengoma kwa shida, mbawa bado mdomoni. "Nitawala wote. Nisamehe, Kokwijuka. Nilikuwa mjinga. Nawapenda wadudu, lakini wewe ndiye nakupenda."

Maneno kama hayo hayasemwi mbele ya baba mkwe, na mzee Rwegasira akageuka kutazama mlangoni kama aliyesikia ng'ombe.

Kokwijuka aliupeleka ubao jikoni. Ishengoma alimfuata mpaka mlangoni, akasimama pale aone. Vidole vyake vilikwenda haraka: pini nje, miguu kando, mbawa kando, mwili chunguni. Kisha vikapungua mwendo. Alikuwa ameanza kuzitoa mbawa taratibu, zisivunjike, anazipanga juu ya jani la mgomba.

"Kumbe wewe ulikuwa unataka mbawa?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mbawa, na mmoja hai wa kuzipiga."

"Mbona tunazitupa?" akasema. "Kila asubuhi tunamwaga vikapu migombani. Mimi, mama, majirani wote. Ungesema tu, Josia. Ningekujazia nyumba."

Ishengoma akaegemea mlango. Alikuwa ametafuta jibu la swali lake kwa miaka, akalipata kwa moshi na karatasi, na hili lililokuwa jepesi kuliko yote halikumpitia kichwani. Pia alisikia kwamba amemwita Josia.

Aliletewa wamekaangwa, moto, wana chumvi kupita kiasi kwa sababu ya ile aliyowapaka mwenyewe. Aliketi mbele ya mzee akala mpaka wa mwisho, akapangusa vidole, akaitoa ile doti ya kanga kifuani, imekunjamana na ina jasho la vilima, akampa mkewe kwa mikono miwili. Mzee Rwegasira akaita buni ziletwe. Shangazi alikuwa ameona kila tonge likishuka kooni, lakini mila ni mila, na swali lake halijibiwi na macho. Akamgeukia bi harusi.

"Amekula?"

Kokwijuka alikuwa anajifunga ile kanga. Kwenye mkono mmoja alishika jani la mgomba, limefunikwa na jingine, kitu kisipeperuke.

"Amekula," akasema, "na mbawa nimemwekea."